Beda wa Jarrow

Wageni wafikao kaskazini ya Uingereza hupenda kwenda Durham, kulitazama kanisa kuu lililo juu ya kilima. Wachache tu hufika Jarrow, karibu na mto Tyne, penye kanisa dogo la mawe na magofu ya nyumba ya watawa. Ni hasara yao, maana kaburi la Beda liko Durham, lakini maisha yake yalikuwa Jarrow.

Beda alizaliwa yapata mwaka 673. Alipokuwa na miaka saba jamaa zake walimtia mikononi mwa abati Benedict Biscop, aliyejenga nyumba mbili za watawa, Wearmouth na Jarrow. Abati huyo alisafiri mpaka Rumi mara nyingi, akarudi na vitabu vingi. Tena alileta mafundi wa vioo kutoka Ufaransa.

Mwaka 686 tauni iliingia Jarrow. Wakafa wote waliojua kusoma na kuimba zaburi kwa kupokezana, wakabaki wawili tu, abati Ceolfrith na mtoto mmoja. Kwa huzuni abati akaamuru sehemu ya nyimbo iachwe. Wakafanya hivyo juma moja, naye akilia, hata akashindwa kuvumilia. Basi wakarudia kuimba zote, mtu mzima huku na mtoto kule, kwa taabu nyingi, mpaka wengine walipokwisha kufundishwa. Jina la mtoto halikuandikwa, ila wataalamu wengi hudhani ndiye Beda.

Alipokuwa mtu mzima hakusafiri sana. Alifika Lindisfarne na York. Habari za mbali alizipata vitabuni na kwa barua. Mwaka 731 alimaliza historia ya kanisa la Waingereza, akihesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo, na vitabu vyake viliieneza sana desturi hiyo.

Mwaka 735 akaugua, akawa anapumua kwa shida. Hata hivyo aliendelea kuifasiri Injili ya Yohana kwa Kiingereza. Jioni ya mwisho kijana aliyemwandikia akamwambia ya kuwa imesalia sentensi moja. Beda akaitamka, kijana akaiandika. Kisha akaketi sakafuni, akielekea mahali alipozoea kusali, akafa akiimba.

Katika kanisa la Jarrow lipo hata leo jiwe lenye maandishi ya Kilatini, ukumbusho wa kuwekwa wakfu mwaka 685. Kuta za upande wa altare ni za siku za Beda, na katika dirisha moja dogo vimetiwa vipande vya kioo cha rangi vilivyochimbuliwa katika magofu.