Fritz Haber (1868–1934): Mkemia Aliyeifungua Naitrojeni ya Hewani

Kabla ya kukariri mchakato wa Haber, elewa kwanza tatizo alilolitatua.

Fikiria kibanja cha migomba, kahawa na maharage hapa Karagwe au Kyerwa. Kila mkungu wa ndizi na kila gunia la kahawa linalokwenda sokoni huondoka na naitrojeni ya udongo. Hewani naitrojeni ni asilimia 78, lakini mgomba hauwezi kuitumia, kwa kuwa atomu zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu vigumu kuvunjika. Radi huvunja kiasi kidogo. Bakteria walio katika vinundu vya mizizi ya maharage huvunja zaidi. Samadi nayo ikioza hutoa amonia, na bakteria wengine huigeuza kuwa nitrati inayofyonzwa na mizizi. Bado wapo bakteria wanaorudisha naitrojeni hewani.

Haber alizaliwa tarehe 9 Desemba 1868 Breslau, Ujerumani, mji ambao leo ni Wrocław, Poland. Wakati wake, mashamba ya Ulaya yalitegemea nitrati iliyochimbwa Chile, na wanasayansi walihofia kwamba ingekwisha. Mwaka 1909, akiwa Karlsruhe, alionyesha kwamba naitrojeni ya hewani inaweza kuunganishwa na haidrojeni kupata amonia. Carl Bosch wa kampuni ya BASF aliihamishia kazi hiyo kiwandani, na uzalishaji ukaanza Oppau mwaka 1913. Shika masharti yake: joto la takribani 450°C, kanieneo ya angahewa 200 na kichocheo cha chuma. Yurea unayoiona kwenye maduka ya pembejeo hutengenezwa kwa amonia ya namna hiyo.

Lakini amonia hiyo hiyo ilitengeneza baruti za Vita Kuu ya Kwanza. Haber mwenyewe alisimamia matumizi ya gesi ya klorini dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Tarehe 2 Mei, mkewe Clara Immerwahr, naye mkemia, alijiua. Haber alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918, na wengi walipinga.

Mwaka 1933 serikali ya Hitler iliagiza Wayahudi waondolewe katika utumishi wa umma. Haber, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, alijiuzulu na kuihama nchi aliyoitumikia. Alifia Basel, Uswisi, tarehe 29 Januari 1934.

Ukiulizwa kuhusu kazi yake, eleza pande zote mbili: ilijaza maghala ya chakula na pia ya silaha. Kumbuka vilevile kwamba kiwanda kinahitaji moto mkali, ilhali bakteria wa maharage hufanya kazi hiyo katika joto la kawaida la udongo.

Jipime: Mkulima ameacha kupanda maharage na hana ng'ombe. Eleza njia mbili za kurudisha naitrojeni kwenye kibanja chake, na faida moja ya kila njia.