Maisha ya P. Ramlee

Nilipoanza kujifunza gitaa, vidole viliniuma hata nikataka kuacha, kwani kubana nyuzi kadhaa pamoja zitoe sauti zinazopatana si kazi rahisi. Ndipo niliposoma habari za P. Ramlee, mwanamuziki mashuhuri wa Malaysia.

Alizaliwa Penang tarehe 22 Machi, 1929. Baba yake alikuwa baharia aliyetoka Aceh. Kijana huyu alianza na yukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, kisha akajifunza gitaa kubwa na fidla. Mwaka 1948 B. S. Rajhans, mwongozaji wa sinema, alimsikia akiimba, akamwita Singapore. Huko aliimba, akaigiza na kutunga nyimbo, na mwaka 1955 akaongoza sinema yake ya kwanza, Penarek Becha. Alichanganya muziki wa Kimalei na rumba na jazi, na wimbo wake Getaran Jiwa wa mwaka 1960 ungali unaimbwa mpaka leo.

Mwaka 1964 alihamia Kuala Lumpur. Lakini zama zilikuwa zimegeuka. Vijana walipenda bendi za magitaa ya umeme, na wengi waliomshangilia zamani wakamwacha. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 29 Mei, 1973, mwenye umri wa miaka 44, akiwa hana mali. Mwaka 1990 ndipo alipopewa cheo cha Tan Sri, naye yu kaburini.

Ndugu wasomaji, tuwaheshimu mafundi wetu wangali hai. Nami gitaa sikuliacha.