Maisha ya Apolo Kivebulaya

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka sisi wa kidato cha nne tuandike, kila mmoja wetu, habari za mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi wamechagua watawala na mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakupata kutawala nchi, na mali yake ya kwanza katika kazi yake ilikuwa jembe. Jina lake ni Apolo Kivebulaya, mtu wa Uganda, aliyefia Boga katika nchi ya Kongo mwaka 1933.

Najua kwamba wasomaji wengi wa gazeti letu hapa Mafia ni Waislamu, na mtu huyu alikuwa padre wa Kikristo. Nilimwuliza mwalimu, ambaye yeye mwenyewe ni Mwislamu, kama yafaa niandike habari zake. Akanijibu kuwa mtu aliyeishinda nafsi yake ana faida kwa kila asomaye. Basi nikashika kalamu.

Habari za Apolo nilizisikia kwanza kwa marehemu babu yangu, kwetu Bukoba, ambako Baganda waliokuwa Wakristo walivuka mpaka tangu zamani na kufundisha watu kusoma. Babu alikuwa akituambia kwamba Mkristo sharti afe kabla ya kufa, yaani nafsi yake ife, ndipo aweze kuishi kwa imani. Mimi nilikuwa mtoto, na maneno hayo yalinitisha. Nilidhani ni habari ya makaburi. Mwaka huu ndipo nilipoanza kuyaelewa, na sababu yake nitaieleza mbele.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Baganda akaitwa Waswa, jina la mkubwa katika mapacha wa kiume. Ujana wake ulikuwa katika siku za misukosuko mikubwa. Dini mbili ngeni, Uislamu na Ukristo, zilikuwa zimeingia katika nchi ya Kabaka, na watu wa dini ya Kristo nao walikuwa wamegawanyika, hawa wa Roma na hawa wa Kiingereza. Kabaka Mwanga alipokuwa akitawala, Wakristo wengi waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887, na baada ya hapo vikazuka vita. Waswa alifuata Uislamu kwa muda, akachukua silaha kama vijana wenzake, akavuta bangi, akatangatanga. Silisemi jambo hili kwa kushindanisha dini. Nalisema kwa kuwa watu wengine hudhani kwamba watu watakatifu huzaliwa wapole. Huyu hakuzaliwa hivyo.

Baadaye alijifunza kusoma Injili, akabatizwa mwaka 1895, akachukua jina la Apolo, ambaye katika Biblia ni mwalimu hodari wa maneno. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Bulaya kwa Kiganda ndiyo Ulaya kwa Kiswahili, na maana ya jina lile ni kitu kilichotoka Ulaya. Alipewa kwa sababu alipenda kuvaa mavazi ya Kizungu pamoja na kanzu yake.

Mwaka ule ule alipelekwa Toro, chini ya milima ya Ruwenzori yenye theluji, awe mwalimu. Toro palikuwa mahali pema. Mfalme wake aliwapenda walimu, na kazi ilikuwa ikiendelea. Lakini ng'ambo ya milima, baada ya kuvuka mto Semliki, palikuwa na nchi ndogo iitwayo Mboga, au Boga, kando ya msitu mkubwa wa Ituri. Mtawala wake aliitwa Tabaro. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wamekwisha kwenda huko kabla yake, wakanyimwa chakula hata wakashindwa, wakarudi. Mwalimu mwingine alipotakiwa, Apolo akajitoa kwenda. Ilikuwa mwisho wa mwaka 1896.

Hapa ndipo pana habari ya lile jembe, ambayo babu hakuiacha hata mara moja. Apolo alifikiri hivi: wenzake walishindwa kwa njaa, kwa kuwa walitegemea kulishwa na watu wasiowataka. Basi kabla ya kuondoka alinunua jembe, ili akifika alime mwenyewe, ale jasho lake, asimdai mtu kitu. Kumbukeni kwamba mwalimu wa siku zile alikuwa mtu wa heshima. Kulima mbele ya wenyeji, katika nchi ambayo mabwana wake walikuwa wafugaji wa ng'ombe, kulimpunguzia heshima mbele ya macho yao. Naona kwamba heshima ndiyo kitu cha kwanza alichokizika, akakizika kwa jembe.

Tabaro hakumpokea vyema kwa muda mrefu. Wala si haki kumfanya Tabaro kuwa mtu mwovu tu. Nchi yake ilikuwa ndogo. Aliona Baganda wakija pamoja na nguvu za Waingereza, aliona watu wake wakiacha desturi za wazee, na hapana shaka aliogopa kwamba baada ya mwalimu watakuja askari na kodi. Mtawala yeyote angeogopa. Lakini hofu yake iliangukia juu ya Apolo. Watu wakakatazwa kumpa chakula na vifaa vya kujengea. Nyumba yake ikachomwa moto. Akapigwa kwa mijeledi hata akaachwa akidhaniwa amekufa, na mwanamke mmoja akamficha na kumwuguza kwa siri.

Kisha lilitokea jambo baya zaidi. Ndugu wa kike wa Tabaro alianguka juu ya mkuki kwa ajali, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba amemwua. Akafungwa, akavushwa milima kama mhalifu, akawekwa kifungoni Toro, mahali pale pale alipokuwa mwalimu mwenye kuheshimiwa. Wale waliomsikiliza zamani wakamwona sasa chini ya ulinzi, na bila shaka wako waliodhani kwamba ni kweli ameua.

Apolo mwenyewe alisimulia kwamba katika taabu zile, alipokuwa amekata tamaa kabisa, alimwona Yesu Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumwambia kwamba yu pamoja naye. Tangu siku hiyo hakuogopa tena. Mimi siwezi kupima maono ya mtu mwingine. Naweza kusema tu yale yaliyoonekana baadaye. Alipoonekana hana hatia akaachiliwa, na wote wangeona ni haki yake kubaki Toro apumzike. Yeye akavuka tena milima, akarudi Boga kwa Tabaro yule yule.

Jambo hili lilinishinda kulielewa. Kwenda mara ya kwanza naweza kueleza, maana kijana hupenda safari, hupenda kusifiwa kwa ushujaa. Lakini kurudi kwa mtu aliyekupiga na kukusingizia, bila kulipiza, bila hata kudai kuombwa radhi, hapana sifa ya kutosha duniani ya kumpeleka mtu. Hapo naamini alikwenda mtu aliyekwisha kufa nafsi yake. Aliyekufa hatukaniki, wala hapigwi mara ya pili. Tabaro naye aliliona jambo hilo. Baada ya muda alibatizwa, akaitwa Paulo, jina la yule mtume aliyewatesa Wakristo kabla hajawa mmoja wao.

Apolo akawekwa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903, na baadaye akawa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Alipata kuchumbia, lakini mchumba wake akafa, naye hakuoa tena maisha yake yote. Akawalea watoto wengi wa watu wengine nyumbani mwake. Alifanya kazi miaka mingi katika Toro. Kisha Waingereza na Wabelgiji wakakata mpaka, na Boga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wengine wangesema kwamba ile sasa ni nchi ya serikali nyingine, shauri lao. Apolo hakuona hivyo, akarudi kukaa Boga.

Alipokuwa karibu na umri wa miaka 60, wakati ambapo wazee wetu hupenda kukaa kibarazani, alianza kazi mpya. Aliingia msituni kuwatafuta Wambuti, watu wafupi waishio kwa kuwinda, ambao majirani zao waliwadharau. Akakaa nao, akajifunza lugha yao, na kwa msaada wao akafasiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Kabla hajafa aliwaona baadhi yao wakibatizwa.

Mwaka 1933 moyo wake ukaugua. Alikuwa katika hospitali ya Mengo, katika nchi ya Buganda alikozaliwa, kati ya marafiki na waganga wazuri. Alipojua kwamba siku zake ni chache, aliomba arudishwe Boga. Akasafiri hivyo hivyo katika ugonjwa, akafika, akafariki tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameacha wosia kwamba asizikwe kwa kufuata desturi, ambayo ingekielekeza kichwa chake upande wa mashariki, bali kielekezwe magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijakwisha. Akazikwa hivyo. Kutoka Boga Kanisa la Anglikana likaenea Kongo. Boga ikawa makao ya askofu mwaka 1972, na mwaka 1992 Kanisa lile likawa jimbo linalojitegemea, ingawa nchi ile imepata taabu nyingi za vita mpaka siku zetu.

Sasa nitaeleza ile sababu niliyoiahidi. Baba yangu ni tabibu wa zahanati katika kijiji kimojawapo kusini mwa kisiwa chetu, mahali ambapo ukitoka bandarini yakupasa kupanda mashua tena. Tulihamia Mafia kutoka Bukoba nikiwa bado mdogo, na mama alilia safari nzima kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, maana bahari ilikuwa imechafuka na hakupata kuiona maishani mwake. Mwanzoni mwa mwaka huu baba aliambiwa kwamba akitaka anaweza kuhamishiwa mjini bara. Akaniandikia barua kuniuliza mawazo yangu, maana mimi ni mwanawe wa kwanza. Nikamjibu kurasa mbili, nikimsihi aondoke. Nilitaja elimu ya wadogo zangu na afya ya mama. Sikutaja sababu ya kweli, nayo ni kwamba nilikuwa nikiona haya wenzangu wanaponiuliza baba yangu yuko wapi, nami kutaja kijiji kisicho na barabara.

Barua ile ilikuwa bado katika daftari langu, sijaipeleka posta, nilipoanza kuandika habari hizi. Nilipofika mahali pa jembe nilisimama. Nilimkumbuka baba akivuka katika upepo wa kusi na sanduku la dawa magotini, akilizuia maji yasiliguse. Hakupata kutuambia kwamba ni kazi ya imani. Husema tu kwamba akiondoka yeye, akina mama wa pale wakijifungua usiku watamwita nani.

Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba nafsi yake ya zamani imesulibiwa, na kwamba uhai alio nao sasa ni wa imani. Nilikuwa nikidhani maneno hayo yawahusu mashahidi waliochomwa moto tu. Sasa naona kwamba nafsi hufa kidogo kidogo, katika mambo ambayo hakuna mtu ayaonaye: leo heshima, kesho haki ya kulipiza, keshokutwa mahali pazuri pa kukaa. Wala Apolo hakuyafanya kwa sababu hajipendi. Aliyafanya kwa kuwa alimwamini Yeye aliyempeleka kuliko alivyoyaamini mawazo yake mwenyewe.

Barua ya kwanza nimeichana. Nimeandika nyingine fupi, nikamwambia baba afanye kama moyo wake unavyomwambia mbele za Mungu, na akiamua kubaki, likizo nitakwenda nimsaidie kubeba sanduku. Sitaki kuwadanganya, wasomaji: nilipoitia barua hiyo sandukuni mwa posta sikuwa na furaha yoyote. Bado napenda aondoke. Nimeanza tu kujua kwamba kupenda kwangu si sheria.

Wazazi mtakaosoma gazeti hili, na ninyi walimu mliokuja kisiwani kutoka mbali, nawashukuru. Nanyi wanafunzi wenzangu, tunaokaribia mtihani wa mwisho na kufikiria kila mmoja atakwenda wapi, nawaomba tumkumbuke mtu huyu aliyelala Boga, kichwa chake kikielekea upande wa kazi iliyobaki.