C. S. Lewis, mtu mwenye alitunga dini za nchi isiyokuwepo

Wengi wameona filamu za Narnia: simba mkubwa anayesema, mchawi mweupe anayegandisha nchi nzima kwa theluji, na watoto wanne wanaoingia dunia nyingine kwa kupitia kabati la nguo. Wachache ndio wanajua maisha ya mzee aliyeiandika. Clive Staples Lewis hakutunga tu wanyama wenye kusema. Alitunga pia mungu wa kuabudiwa, mungu mwingine wa kushindana naye, makuhani, sadaka na nabii wa uongo. Na kabla ya hapo, yeye mwenyewe alikuwa amepoteza imani akaishi miaka mingi bila Mungu.

Mtoto aliyeomba bila kujibiwa

Lewis alizaliwa tarehe 29 Novemba 1898 mjini Belfast, Ayalandi. Baba yake, Albert, alikuwa avoka. Mama yake, Florence, binti ya pasta wa kanisa la Anglikana, alikuwa amesoma hesabu mpaka chuo kikuu, jambo ambalo wakati ule wanawake wachache walilifikia. Akiwa bado mdogo, mtoto alikataa majina yake akataka aitwe Jack. Marafiki walimwita hivyo mpaka kifo chake.

Yeye na mkubwa wake Warren walikuwa na mchezo wao: walitunga nchi yenye waliita Boxen, pamoja na wanyama wake wenye kuvaa nguo, wafalme wake na ramani zake. Nyumba ilijaa vitabu na mvua ya Belfast iliwafungia ndani, basi wakaandika.

Mwaka wa 1908 mama akashikwa na kansere. Mtoto wa miaka 9 akaomba Mungu amponye. Mama akafariki tarehe 23 Agosti mwaka ule. Baadaye, akiwa mtu mzima, Lewis alieleza kwamba wakati ule alimchukua Mungu sawa vile mtu wa mazingaombwe: aje, afanye kazi yake, aende zake. Mwezi uliofuata alipelekwa Uingereza, katika shule ya kulala ambako mkuu wa shule alipiga watoto bila huruma.

Imani yake haikuvunjika siku moja. Ilimtoka polepole shuleni, alipokuwa na miaka karibu 13. Sababu moja ilikuwa masomo yenyewe. Walimu walimfundisha miungu ya Wagiriki na Waroma, wakasema hiyo yote ni uongo wa kale. Kisha dakika hiyohiyo walitaka aamini kwamba dini yao ndiyo ya kweli, bila kumweleza tofauti iko wapi. Kijana akafanya hesabu yake: kama dini elfu moja ni za kubuni, kwa nini hii moja isiwe ya kubuni pia? Lakini jambo moja lilimsumbua. Hadithi za miungu ya watu wa kaskazini ya Ulaya, hasa ile ya Balder, mungu mzuri aliyekufa, zilimgusa moyo kuliko ibada yoyote ya kanisani.

Vita, kisha usiku mmoja Oxford

Vita ya kwanza ya dunia haikumrudisha kanisani. Alifika kwenye mahandaki huko Ufaransa siku alipotimiza miaka 19, na mwezi wa Aprili 1918 akajeruhiwa na bomu la jeshi lake mwenyewe, lililoanguka kabla ya kufika kwa adui. Rafiki yake Paddy Moore aliuawa katika vita hiyo. Lewis akamtunza mama ya rafiki huyo mpaka mama mwenyewe alipofariki mwaka wa 1951.

Mwaka wa 1925 alipata kazi ya kufundisha fasihi katika chuo cha Magdalen, Oxford. Huko akakutana na John Ronald Reuel Tolkien, mwandishi wa hadithi za Hobbit. Tolkien alikuwa Mkatoliki wa kweli, naye pia alikuwa anatunga dunia yake, na miungu yake na lugha zake. Wawili hao wakawa marafiki wa kusomeana maandiko yao na kusahihishana.

Kufikia karibu mwaka wa 1929 Lewis alikuwa amekubali kwamba Mungu yuko, lakini Yesu alimshinda. Mwezi wa Septemba 1931 yeye, Tolkien na rafiki mwingine, Hugo Dyson, walitembea bustanini mwa chuo wakizungumza mpaka usiku wa manane. Tolkien alimwonyesha jambo rahisi: Lewis anaposoma hadithi ya kale ya mungu anayekufa na kufufuka, moyo wake unachemka, akiisoma hiyohiyo katika Injili, anakuwa baridi. Kwa Tolkien, habari ya Yesu ilikuwa hadithi ya aina hiyohiyo, ila hii ilitokea kweli, mahali panapojulikana na wakati unaojulikana.

Siku chache baadaye Lewis alipanda kigari cha pembeni cha pikipiki ya mkubwa wake Warren, wakienda kuangalia wanyama katika bustani ya Whipsnade. Aliondoka nyumbani bila kumwamini Yesu, akafika akimwamini. Ila hakufuata kanisa la rafiki yake. Alirudi kwa Waanglikana wa utoto wake, na jambo hilo lilimwuma Tolkien.

Mhubiri wa redio

Wakati wa vita ya pili ya dunia, redio ya BBC ilimwomba azungumze na wasikilizaji kuhusu imani. Alianza mwaka wa 1941, mabomu yakiwa bado kwenye akili ya kila mtu, akaendelea mpaka 1944. Mtu huyu wa chuo kikuu alizungumza sawa vile mtu anazungumza na jirani yake.

Hakutaka kuvutia watu kwenye kanisa fulani. Alitafuta yale ambayo Wakristo wote wanakubaliana. Sehemu moja ya maandiko yake aliituma kwanza kwa viongozi wanne: Mwanglikana, Mmethodisti, Mpresbiteri na Mkatoliki, ili waangalie kama kuko mahali amekosea. Vipindi hivyo vilikusanywa mwaka wa 1952 katika kitabu Mere Christianity, ambacho kinasomwa mpaka leo.

Simba na mungu mwenye kichwa cha tai

Kitabu cha kwanza cha Narnia kilitoka mwaka wa 1950, na cha saba mwaka wa 1956. Simba anaitwa Aslan, na kwa Kituruki neno hilo maana yake ni simba. Anakufa mahali pa mtoto msaliti, kisha anafufuka. Kila Mkristo anatambua habari hiyo. Tolkien hakuvipenda vitabu hivi. Katika dunia yake mwenyewe alikuwa ameficha dini ndani kabisa. Makanisa na mapadri hawaonekani. Lewis yeye aliiweka mezani.

Kusini ya Narnia kuko nchi ya Calormen, kupita jangwa. Watu wa huko wanaabudu Tash, mwenye kichwa cha ndege mla nyama na mikono minne, na wanamtolea sadaka za watu.

Katika kitabu cha mwisho, The Last Battle, nyani mmoja mjanja anaokota ngozi ya simba. Anamvalisha punda rafiki yake, anamficha ndani ya zizi, na usiku anamwonyesha watu kwa mbali, kwenye mwanga wa moto tu. Anawaambia wanyama kwamba huyo ndiye Aslan amerudi, na kwamba hakuna mtu atazungumza naye isipokuwa kwa kupitia yeye nyani. Kisha amri zinaanza: kateni miti, fanyeni kazi kwa watu wa Calormen, leteni karanga na matunda kwa nyani. Wanyama wanalia lakini wanatii, maana wanafikiri ni Aslan amesema. Baadaye nyani anatangaza kwamba Aslan na Tash ni mmoja. Kumbe yeye na jemadari wa Calormen hawaamini hata mmoja wao. Wamegundua tu kwamba jina la mungu ni chombo kizuri cha kukamata watu.

Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa sana sehemu hiyo. Ila Lewis anaendelea mbele zaidi. Uongo ulipofichuliwa, wako vijeba waliosema hawatadanganywa tena, na toka hapo wakakataa hata kweli. Wanakaa katikati ya nuru na chakula kizuri, lakini wanaona giza na majani ya zizi. Kwa Lewis, hasara kubwa ya nabii wa uongo ni hiyo: anawaharibia watu hata uwezo wa kuamini.

Tena kuko Emeth, askari kijana wa Calormen, mwenye jina linalomaanisha kweli kwa Kiebrania. Ametumikia Tash maisha yake yote kwa moyo safi. Anapokutana na Aslan, anangoja kuuawa. Badala yake anapokelewa. Simba anamfahamisha kwamba mema yote aliyofanya kwa jina la Tash yamehesabiwa kwake Aslan, na kwamba mtu anayefanya ubaya kwa jina la Aslan, kwa kweli anamtumikia Tash. Wako Wakristo waliomlaumu Lewis juu ya sehemu hiyo, wakisema amefungua mlango mpana kupita Maandiko.

Kuko lawama nyingine, na ni ya haki. Watu wa Calormen ni weusi wa sura, wanavaa vilemba na kushika panga za kupinda, sawa vile Wazungu wa wakati ule walivyowachora Waarabu na Waturuki. Mtoto Mwislamu, au mtoto mwenye ngozi nyeusi, anaweza kusoma na kuona kwamba dini mbaya imevalishwa sura yake. Emeth anapunguza kosa hilo, lakini halifuti.

Jiwe la Ungit na kansere ya pili

Mwaka huohuo wa 1956 alitoa Till We Have Faces, hadithi ya watu wazima. Mungu mke Ungit ni jiwe lisilo na uso, lenye kunuka damu ya sadaka. Mtumwa Mgiriki anafundisha kwamba hayo yote ni ujinga. Baadaye sanamu nzuri ya Kigiriki inaletwa hekaluni, lakini mama mmoja wa kijijini, mwenye machozi, anapita pembeni yake na kuomba mbele ya jiwe la zamani. Anatoka amefarijika. Kitabu hakikupendwa sana, lakini Lewis alikiona bora kuliko vyake vyote.

Alikitolea kwa Joy Davidman, mwandishi Mmarekani wa asili ya Kiyahudi, aliyekuwa mkomunisti kabla ya kuwa Mkristo. Walifunga ndoa ya serikali mwezi wa Aprili 1956. Kisha Joy akaonekana na kansere ya mifupa, na Machi 1957 padri mmoja wa Anglikana akawafungisha ndoa ya kanisa kwenye kitanda cha hospitali na kumwombea mgonjwa. Joy akapata nafuu, akatembea tena. Mmoja wa watoto wake wawili alipochagua kurudi katika dini ya Wayahudi, Lewis alihakikisha anapata chakula kinachoruhusiwa na dini hiyo. Alilosema kupitia Emeth alilifanya pia nyumbani mwake.

Joy alifariki tarehe 13 Julai 1960. Mara ya pili, kansere ilimpokonya Lewis mtu wake baada ya maombi. Aliandika kitabu kifupi cha uchungu, akikitoa mwaka wa 1961 kwa jina la kubandika. Ndani yake anamlalamikia Mungu bila kupamba maneno, lakini hamwachi. Yule mtoto wa Belfast aliyetaka Mungu wa mazingaombwe alikuwa amekwisha kukua.

Lewis alifariki tarehe 22 Novemba 1963, siku moja na Rais Kennedy wa Marekani. Juu ya kifo cha Kennedy, magazeti hayakumtaja sana. Amezikwa Headington Quarry, karibu na Oxford, kwenye uwanja wa kanisa lenye alisali miaka mingi.