Daktari Livingstone na zebaki ndani ya vidonge

KATIKA kijiji cha Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ipo nyumba ya tembe iliyojengwa upya na kufanywa makumbusho. Hapo ndipo Daktari David Livingstone alipokaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Wengi wanamkumbuka kwa safari zake na kwa kupinga biashara ya utumwa. Wachache wanajua kuwa dawa yake ya homa ilikuwa na zebaki, sumu ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa Nzega, wanaifahamu vizuri.

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi kwenye kiwanda cha nyuzi za pamba, huku akisoma jioni. Baadaye alisomea udaktari mjini Glasgow, na mwaka 1841 alifika Afrika Kusini akiwa mmisionari.

Adui yake mkubwa njiani alikuwa malaria. Alitengeneza vidonge vyake mwenyewe kwa kuchanganya kwinini, dawa za mimea za kuharisha, na kalomeli, yaani zebaki iliyoungana na klorini. Kwinini ndiyo iliyopambana na malaria. Kalomeli ilikuwa ya kusafisha tumbo, kama walivyofanya madaktari wengi wa Ulaya na Marekani enzi hizo. Mgonjwa akitokwa na mate mengi, walisema dawa imeingia. Kumbe ile ilikuwa dalili ya sumu.

Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na kasha la dawa, na afya ya Livingstone ikazidi kushuka. Mwishoni mwa 1871 Henry Stanley alimkuta Ujiji, wakafuata njia ya misafara hadi Kwihara, walikofika Februari 1872. Wapagazi walipowasili, Livingstone aliondoka Agosti 25 kuelekea kusini. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, akiwa amedhoofishwa na malaria na kuhara damu. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, ukazikwa London Aprili 1874.

Kalomeli iliendelea kutumika miaka mingi baada yake, hata kwenye unga wa watoto wanaoota meno, hadi ilipobainika katikati ya karne ya 20 kuwa inawadhuru.

Zebaki hushikamana na salfa iliyomo kwenye protini za mwili. Protini hizo ndizo zinazofanya kazi ndani ya seli: kuzalisha nguvu, kupitisha chumvi na kujenga seli mpya. Zikishikwa, kazi husimama. Figo, zinazochuja damu, huumia sana. Mvuke wake ukivutwa hupita mapafuni hadi kwenye ubongo.

Ikifika mtoni, vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa aina kali zaidi inayojikusanya ndani ya samaki. Mjamzito akila samaki hao mara kwa mara, sumu humfikia mtoto tumboni na kuvuruga nyuzi ndogo zinazosaidia seli za ubongo kugawanyika na kukaa mahali pake. Mtoto anaweza kuzaliwa mzima kwa macho, lakini akachelewa kutembea na kusema. Japan iliona msiba huo Minamata, ulikogundulika mwaka 1956.

Mkataba wa kupunguza matumizi ya zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hata hivyo, mkulima anayeingia machimboni baada ya mavuno hapaswi kusubiri serikali. Asichome dhahabu yenye zebaki jikoni wala karibu na watoto. Atumie chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke. Zebaki hurudi ikatumika tena, na gharama hupungua. Mchanga uliooshwa usimwagwe karibu na kisima, lambo la mifugo au majaruba ya mpunga.

Livingstone alikuwa daktari, lakini elimu ya wakati wake haikumwonyesha madhara ya zebaki ndani ya seli. Mchimbaji wa leo anaweza kuyajua. Anapopiga hesabu ya gramu alizopata, aweke humo pia figo zake na makuzi ya mtoto wake.