Mwalimu Stagg na Uwanja Wake

Wako watu wasemao ya kwamba mchezo ni mchezo tu, na ya kuwa mwalimu wa mpira hastahili kuhesabiwa pamoja na walimu wa hesabu na lugha. Wako na wengine ambao kwao mpira ndio kila kitu, na shule ni mahali pa kupatia wachezaji tu. Kwa ajili ya hao na hawa, twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Amos Alonzo Stagg wa Marekani, aliyeanza kuwafundisha vijana mpira mwaka wa 1890, wala hakuacha kazi hiyo hata alipokwisha kupita umri wa miaka 90.

Kwanza yafaa tueleze mpira wenyewe, maana si huu tuuchezao sisi kwa miguu. Mpira wa Kimarekani una umbo kama la yai lenye ncha mbili, nao huchukuliwa mikononi. Timu ya watu 11 hujaribu kuupenyeza hata mwisho wa uwanja wa wenzao, na wenzao huwazuia kwa kuwakamata na kuwabwaga chini. Katika Marekani vyuo vikuu ndivyo vilivyoukuza mchezo huo, na jina la chuo mara nyingi limejulikana kwa timu yake kabla ya kujulikana kwa elimu yake. Hapo ndipo ilipo hatari, na ndipo ulipo umuhimu wa habari hii.

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti, 1862, huko West Orange katika jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa fundi viatu, mtu maskini mwenye watoto wengi. Kijana alijisomesha kwa taabu, akaingia Chuo Kikuu cha Yale kwa nia ya kuwa mchungaji. Huko sifa zake zilienea upesi kwa ajili ya ustadi wake wa kurusha mpira wa besiboli. Timu za kulipwa zikamtaka kwa fedha ambazo mwana wa fundi viatu hakupata kuziona, naye akakataa. Mwaka wa 1889 ilipochaguliwa kwa mara ya kwanza timu ya wachezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, jina lake lilikuwamo.

Walakini katika masomo yake ya dini aliona jambo lililomhuzunisha. Hakuwa na kipawa cha kuhubiri. Mbele ya watu ulimi wake ulikuwa mzito. Wengi wakifikwa na jambo kama hilo hudhani ya kuwa wito wao umekwisha. Stagg hakudhani hivyo. Alikata shauri ya kwamba kazi aliyotaka kuifanya mimbarini, yaani kuwaongoza vijana katika maisha safi, ataifanya uwanjani.

Akaenda Springfield, Massachusetts, katika shule iliyowatayarisha walimu wa Chama cha Vijana Wakristo. Mwalimu mwenzake pale alikuwa James Naismith, ambaye mwezi wa Desemba, 1891, aliubuni mpira wa kikapu. Mwezi wa Machi, 1892, walimu walipocheza na wanafunzi mbele ya watazamaji, walimu walishindwa matano kwa moja, na hilo moja lilitiwa kikapuni na Stagg.

Mwaka huo huo wa 1892 Chuo Kikuu kipya cha Chicago kilifungua milango yake. Mkuu wake, William Rainey Harper, aliyemjua Stagg tangu Yale, alimwita aje kuusimamia mchezo, akampa cheo cha mwalimu wa kudumu sawa na walimu wa elimu nyingine. Jambo hilo lilikuwa geni siku zile. Stagg akakaa Chicago kwa misimu 41. Mara saba timu yake ilitwaa ushindi wa vyuo vikubwa vya majimbo yale ya kati. Novemba mwaka wa 1905 iliishinda Michigan kwa pointi mbili bila, na Michigan ilikuwa imecheza michezo 56 mfululizo pasipo kushindwa.

Lakini mwaka huo wa furaha ulikuwa pia mwaka wa misiba. Mchezo ulikuwa umekuwa mkali kupita kiasi. Wachezaji walijifunga pamoja kama ukuta wakamwangukia mwenzao mmoja, na vijana zaidi ya kumi walikufa nchini kote katika msimu mmoja. Rais Theodore Roosevelt aliwaita wajumbe wa vyuo kushauriana nao, na watu wengi walitaka mchezo upigwe marufuku. Stagg alikuwa mjumbe wa kamati ya sheria za mchezo. Mwaka wa 1906 sheria zikabadilishwa, ikaruhusiwa kuurusha mpira mbele kwa mkono, ili wachezaji watawanyike uwanjani wasirundikane. Hatari haikwisha siku moja, lakini njia ilifunguliwa.

Nyumbani msaidizi wake alikuwa mkewe, Stella, waliyeoana mwaka wa 1894. Bibi huyu alihudhuria michezo akiandika na kuchora kila hatua ya wachezaji, hata mumewe akapata kuyasoma makosa yao baadaye. Waliishi pamoja karibu miaka 70.

Tusidhani kwamba mtu huyu hakuwa na upungufu. Harper alimpa mamlaka makubwa mno, hata ikawa katika mambo ya mchezo hakuna wa kumwuliza ila mkuu wa chuo peke yake. Watazamaji waliongezeka, fedha za viingilio zikaongezeka, na uwanja uliopewa jina lake ukapanuliwa mara kwa mara. Yeye mwenyewe hakunywa pombe wala hakuvuta tumbako, na matusi hayakutoka kinywani mwake. Walakini jengo alilolisimamisha lilianza kuwa kubwa kuliko kusudi lake. Twaliandika hili si kwa kumshusha, bali kwa sababu watu wema pia huweza kuanzisha mambo ambayo wao wenyewe hawawezi kuyapimia mpaka.

Mkuu mpya wa chuo, Robert Maynard Hutchins, hakuupenda mchezo huo. Stagg alipofika umri wa miaka 70, kanuni ya kustaafu ilishikwa, na msimu wa 1932 ukawa wa mwisho kwake pale. Alipewa nafasi ya kazi nyingine chuoni, nyepesi na yenye mshahara. Akaikataa, kwa kuwa aliona ni kulipwa bila kufanya kazi aliyoitiwa. Akafunga mizigo, yeye na mkewe, wakavuka nchi nzima hata Stockton, California, katika Chuo cha Pacific, chuo kidogo chenye fedha kidogo.

Mwaka wa 1938 mzee huyo alirudi Chicago na vijana wake wa Pacific, katika uwanja wenye jina lake, wakaishinda timu ya Chicago kwa pointi 32 bila. Mwaka wa 1939 Hutchins aliufuta mchezo huo chuoni kabisa. Tarehe 2 Desemba, 1942, chini ya majukwaa ya uwanja ule ule, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kwa mara ya kwanza moto wa atomu wenye kujiendesha wenyewe. Mahali palipojaa makelele ya vijana, ikazaliwa nguvu iliyoogopesha ulimwengu.

Stagg aliendelea na kazi. Mwaka wa 1943, akiwa na miaka 81, walimu wenzake walimchagua kuwa mwalimu bora wa mwaka. Alipoondoka Pacific baada ya msimu wa 1946, alikwenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe katika Chuo cha Susquehanna hata mwaka wa 1952, kisha akarudi Stockton na kuwafundisha vijana wa chuo cha hapo namna ya kupiga mpira kwa mguu. Stella alifariki mwaka wa 1964, naye akamfuata tarehe 17 Machi, 1965, mwenye umri wa miaka 102. Timu zake zilikuwa zimeshinda michezo 314, na hesabu hiyo haikupitwa katika vyuo vikuu vikubwa hata mwaka wa 1981, alipoipita Paul Bryant wa Alabama.

Uwanja wake wa kale ulibomolewa, na mahali pake pamejengwa maktaba. Chuo cha Chicago kiliurudisha mchezo mwaka wa 1969, lakini kwa kiasi. Na mchezo wa mwisho wa kumpata bingwa katika daraja la tatu la vyuo umeitwa kwa jina la Stagg tangu mwaka wa 1973. Daraja hilo ni la vyuo visivyompa mwanafunzi fedha za masomo kwa ajili ya kucheza kwake. Twaona ya kuwa heshima hii imemfaa kuliko majukwaa makubwa.

Inasimuliwa ya kwamba alipoulizwa kama timu yake ya mwaka fulani ilikuwa bora, alijibu kuwa hawezi kujua mpaka ipite miaka 20, aone vijana wale wamekuwa watu gani. Twawaomba wazazi na wakuu wa shule wakitazame kipimo hicho. Mara nyingi twachagua mwalimu wa michezo kwa kuangalia ni nani asiye na kazi nyingine, au ni nani atakayetuletea kikombe. Kijana humtii mtu wa uwanjani hata siku ambayo hamsikilizi baba yake. Basi mtu huyo na achaguliwe kwa uangalifu kama achaguliwavyo yule wa darasani, apewe heshima sawa, na awepo wa kumwuliza hesabu ya kazi yake.