Gari Lilitunzwa, Mwundaji Akasahauliwa

Mwanafunzi akiulizwa ni nani aliyeunda gari la kwanza, humtaja Karl Benz, Mjerumani wa mwaka wa 1886. Ni wachache wamjuao Nicolas-Joseph Cugnot, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyezaliwa mwaka wa 1725.

Mwaka wa 1770 Cugnot alikamilisha gari la mvuke lenye magurudumu matatu, la kukokotea mizinga. Birika lake zito la kuchemshia maji lilining'inia mbele, hivyo likawa gumu kuongoza. Mwendo wake haukupita ule wa mtu atembeaye kwa miguu, tena lilisimama mara kwa mara kungoja mvuke ujae. Jeshi likaliweka ghalani.

Mfalme Louis wa Kumi na Tano alimtunuku Cugnot posho ya livre 600 kwa mwaka. Mapinduzi ya 1789 yakaikatiza, naye akaishi Brussels katika ufukara. Alirejea Paris, akafariki mwaka wa 1804. Gari lake lingali katika makumbusho jijini humo.

Walimu wenzangu, mtoto aletapo darasani chombo kisichofanya kazi barabara, tusimcheke. Mwanzo wa ngoma ni lele.